Hukumu Iliyochelewa Kufika Mufindi

Maneno haya niliyasema Iringa mjini wakati wa Wiki ya Sheria, mbele ya wasaidizi wa kisheria kutoka Kilolo, Mufindi, Pawaga na Isimani, pamoja na wanafunzi wa sheria waliosimama nyuma kwa kukosa viti. Baadhi ya waliokosa siku ile waliniomba niyaandike. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, marudio tu nimeyapunguza.

Kamwene wanyalukolo.

Waheshimiwa mahakimu, mama zangu mlioamka alfajiri kuwahi magari, ndugu zangu wasaidizi wa kisheria, na nyie wanangu mliosimama kule nyuma, ahsanteni kwa kunialika. Mmenitaka nizungumzie hukumu kubwa za mahakama zetu na jinsi zilivyogusa haki za mwananchi. Nitazifikia. Lakini naomba nianze na hukumu ndogo kabisa, niliyoiandika mimi mwenyewe.

Mwaka 1991 nilikuwa hakimu wa mahakama moja ya mwanzo huko Mufindi. Kijana, nimetoka Mzumbe na cheti changu, nina baiskeli ya serikali na koti moja. Jengo letu lilikuwa na vyumba viwili, na bati lilivuja upande wa masjala, hivyo msimu wa mvua karani alihamishia majalada kwenye benchi la washtakiwa na washtakiwa wakasimama. Akaja mama mmoja anayemdai kaka yake shamba la mahindi na kichaka cha mianzi. Nyie mnajua kichaka cha mianzi ni nini huku kwetu. Mvua ikianza Desemba, mwenye mianzi anagema ulanzi, pombe ya mianzi, asubuhi na jioni, na ada ya shule inatoka hapo. Baba yao alimwachia binti kwa kutamka mbele ya majirani, na majirani watatu walikuja wakasema hivyo hivyo. Hata kaka hakukana kwamba baba alitamka. Hoja yake ilikuwa moja: ardhi ya ukoo haimfuati binti.

Nikawauliza wazee wa baraza, kama utaratibu ulivyokuwa. Wote wawili wakasimama na kaka. Nikaandika hukumu ya ukurasa mmoja na nusu, nikaisoma.

Yule mama alikuwa ameleta mbeta moja, chombo cha mwanzi cha kukingia ulanzi, kama kielelezo, kamba yake ya kufungia bado iko shingoni, ili nione kwamba yeye ndiye mgemaji wa pale, wala si kaka anayeishi mjini. Nilipomaliza kusoma alikuja mezani, akaichukua mbeta yake, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akaniuliza taratibu: "Kwa hiyo baba hakuwa na akili, Mheshimiwa?" Sikumjibu. Nilimwambia ana siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya. Hakukata. Nauli, ada, watoto, aibu ya kumshitaki ndugu mara ya pili. Sababu hizo mnazijua kuliko mimi, maana ndizo mnazosikilizishwa kila wiki.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku ninasoma hukumu ile, swali lile lilikuwa limekwisha kuamuliwa na wakubwa zangu. Tarehe 22 Februari 1990, zaidi ya mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu kule Mwanza ilikuwa imetoa hukumu katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Ilinifunga mimi kama ilivyomfunga hakimu wa Muleba. Hakimu wa mahakama ya mwanzo haruhusiwi kuichagua hukumu ya Mahakama Kuu kama anavyochagua nyanya sokoni. Akiijua, anaifuata. Mimi sikuijua.

Nawasimulia shauri lenyewe, kwa sababu wengi mmelisikia jina lake tu. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Umri ukamwendea, akawa hana wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akaiuza ardhi ile kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu, tarehe 25, mpwa wake Bernardo akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilaya ya Muleba, akidai mauzo ni batili kwa kuwa mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia, ikaamuru mama arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Bernardo akapanda Mahakama Kuu, akakutana na Jaji Mwalusanya.

Kanuni za urithi zilizotangazwa mwaka 1963 zilisema mwanamke anaweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie maisha yake, lakini asiiuze. Jaji akaiweka kanuni hiyo mezani, na pembeni yake akaiweka ibara ya 13 ya Katiba, inayosema: "Watu wote ni sawa mbele ya sheria, na wanayo haki, bila ya ubaguzi wowote, kulindwa na kupata haki sawa mbele ya sheria." Akatazama pia mikataba ambayo nchi yetu ilikwisha iridhia, ukiwamo ule wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Akaamua kwamba mwanamke na mwanamume wa ukoo wana mamlaka sawa juu ya ardhi ile.

Na hapa ndipo ninapowaomba mtulie, kwa sababu watu wengi wanadhani hukumu ile ilifuta mila. Haikufuta. Mila ilikuwa inampa mwanaukoo nafasi ya kuikomboa ardhi iliyouzwa na mwanamume mwenzake kwa kurudisha bei. Jaji akasema basi na iwe hivyo hivyo kwa ardhi iliyouzwa na mwanamke. Mpwa akapewa miezi sita: alipe shilingi 300,000 aichukue ardhi, asipolipa mnunuzi abaki nayo. Ukoo ulibaki na kinga yake. Kilichoondoka ni ule uzito uliowekwa juu ya kichwa cha mwanamke peke yake. Mkienda kwa wazee wa vijiji vyenu waambieni hivyo. Mzee akiambiwa mahakama imefuta mila yake anafunga masikio. Akiambiwa mila ni ile ile ila inawafunga wote sawa, anaweza kukaa chini mkazungumza.

Mimi niliisoma hukumu ile mwaka 1994, kwenye semina, katika nakala iliyopigwa fotokopi mpaka herufi zikafifia. Ilikuwa ya Kiingereza. Nilikaa nayo usiku kucha na kamusi. Nilipopata likizo nilikwenda kumtafuta yule mama. Kaka alikwisha uza nusu ya shamba, mianzi imekatwa, mama amehamia kwa mwanawe wa kike, na hakuna aliyenielekeza zaidi ya hapo. Miaka 30 na zaidi imepita na swali lake bado ninalo.

Ndiyo maana leo, nikiongelea hukumu kubwa, sitaki niwasifie majaji halafu tunywe chai. Nataka tujiulize zinafikaje chini.

Turudi nyuma kidogo. Tulipopata uhuru mwaka 1961 Katiba yetu haikuwa na Hati ya Haki, yaani sehemu inayotaja na kulinda haki za raia, na hata Katiba ya 1977 ilianza bila hiyo. Iliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, ikaanza kutumika Machi 1985, lakini mahakama zikaambiwa zisubiri miaka mitatu kabla ya kuitumia kufuta sheria zilizokuwapo, ili Serikali ipate muda wa kusafisha nyumba. Kwa hiyo mlango ulifunguka kikamilifu Machi 1988. Kabla ya hapo raia alikuwa na haki nyingi za kusemwa kwenye mikutano, ila hakuwa na ibara ya kuishika mkononi na kwenda nayo kwa jaji.

Sisi wa Iringa tunalijua pengo hilo kuliko wengi. Waliotoka Isimani leo wanajua ninakoelekea. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, mkulima Said Mwamwindi alimuua Mkuu wa Mkoa wetu, Dk. Wilbert Klerruu, katika shamba la mahindi, wakati wa kampeni ya vijiji vya ujamaa. Alishitakiwa hapa Iringa mbele ya Jaji Onyiuke, akahukumiwa kifo, akanyongwa. Kuua ni kuua, na mahakama ilikuwa na swali moja tu la kujibu. Sitaki mtu atoke hapa akisema hakimu yule mstaafu alitetea mauaji. Ninachosema ni kwamba mkulima aliyeona shamba alilolifyeka mwenyewe linaingizwa kijijini hakuwa na mahakama ya kumuuliza jaji: je, hiki nilichonacho ni mali yangu mbele ya Katiba? Swali hilo halikuwa na pa kuulizwa. Familia mbili zilizika.

Swali likaja kuulizwa miaka zaidi ya 20 baadaye, na aliyeliuliza ni mzee na mwanawe kutoka Kambi ya Simba, Karatu. Lohay Akonaay na Joseph Lohay walikuwa wamepoteza ardhi yao wakati wa Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu vijijini. Wakaenda mahakamani, wakashinda, wakarudi shambani. Ndipo Bunge likatunga Sheria Namba 22 ya 1992, iliyofuta haki za kimila za watu wa aina yao katika vijiji vilivyoanzishwa, bila fidia, na ikafunga mlango wa mahakama kwa mashauri hayo. Baba na mwana wakaishitaki sheria yenyewe. Rufani ya Serikali ikafika Mahakama ya Rufani, Arusha, na Desemba 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali akasoma uamuzi: haki ya kimila ya kukaa na kutumia ardhi ni mali, inalindwa na ibara ya 24, na kuichukua bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba.

Kuna kipande kimoja cha hukumu ile ninakipenda sana. Serikali iliona kwamba ardhi tupu haina cha kufidiwa, mpaka iwe na nyumba au mazao ya kudumu. Mahakama ikasema hata pasipokuwa na jengo wala mti, ikiwa mtu ametia jasho lake kuifyeka na kuitengeneza, jasho hilo linalindwa. Na kwa hoja hiyo waliegemea maneno ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1958, alipoandika kwamba anayefyeka ardhi kwa nguvu zake ana haki juu ya alichokiongeza kwenye zawadi hiyo ya Mungu. Tafakarini hapo. Vijiji vya ujamaa vilikuwa sera ya Mwalimu, na maneno ya Mwalimu ndiyo yaliyomrudishia mkulima haki yake. Kila nikipita barabara ya Dodoma nikaona mashamba ya Isimani, nafikiria hukumu ile ingekuwapo mwaka 1971.

Basi, nyie mnaoshughulika na ardhi inayochukuliwa kwa barabara, shule au mradi: mtu asimwambie mkulima "hapa hapana kitu, ni pori tu" wakati makovu ya jembe yanaonekana. Lohay Akonaay wamekwisha lijibu hilo.

Niseme na jambo moja linaloniuma kuhusu watu waliobeba mashauri haya. Wengine hawakuambulia kitu. Bi Hawa Mohamed ndiye mfano wangu. Aliolewa mwaka 1971, ndoa ikavunjika, akadai sehemu ya nyumba ambayo mume aliijenga wakati wa ndoa. Mahakama za chini zikamwambia yeye alikuwa mke wa nyumbani tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Nyalali tena, ikasema kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali iliyopatikana kwa jitihada za pamoja, kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Tangu siku hiyo hakuna hakimu anayeweza kumwambia mwanamke wa Kitanzania kwamba jiko lake si kazi. Lakini Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, kwa sababu mahakama iliona fedha alizopewa na mume kufanyia biashara alizitumia vibaya, ikahesabu kuwa fungu lake lilikwisha. Nimegawa mali za wanandoa mara nyingi kwa jina lake. Kila mara niliwaza kwamba mwenye jina hakupata hata bati.

Sasa tuje kwa jirani yetu. Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa mtu wa Ludewa, na siku hizo Ludewa ilikuwa Mkoa wa Iringa. Wapo waliompenda, wapo aliowachosha. Mwaka 1993 alifungua shauri Mahakama Kuu, Dodoma, na Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa mambo mawili makubwa. La kwanza, raia akitaka kufanya mkutano wa amani haombi kibali cha polisi. Sheria ikarekebishwa baadaye, ikawa anatoa taarifa saa 48 kabla. La pili, raia asiye na chama anaweza kugombea uongozi. Hilo la pili halikukaa. Bunge lilibadili Katiba mwishoni mwa mwaka huo huo ili chama kiwe sharti. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006, akashindwa mwaka 2010 mbele ya majaji saba wa Mahakama ya Rufani, waliosema ni la Bunge. Akapanda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, na Juni 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki yake. Akafariki mwaka 2015 bila kuona mgombea binafsi hata mmoja.

Wanangu wa nyuma kule mnaandika, andikeni hili: jaji anatafsiri Katiba, Bunge linaweza kuibadili. Hukumu haiwi ukuta wa mawe. Na wakati mwingine mahakama yenyewe inarudi nyuma. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilifuta kipengele kilichomnyima dhamana mshitakiwa wa unyang'anyi, kwa sababu sheria ilimfungia mtu bila kuweka utaratibu wa kumsikiliza. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaenda mbali zaidi katika shauri la Dickson Sanga, ikatamka kifungu chote cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachotaja makosa yasiyo na dhamana, kuwa kinyume cha Katiba, na Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Kwa hiyo msimwambie mama ambaye kijana wake yuko mahabusu kwa kosa lisilo na dhamana kwamba "mahakama ilishafuta". Ulizeni kwanza hukumu ya mwisho ni ipi.

Kuna hukumu mbili nazitaja kwa haraka kwa kuwa zinahusu mlango wa mahakama wenyewe. Zamani huwezi kuishitaki Serikali bila ridhaa ya Serikali. Wamasai wa Arusha, Kukutia Ole Pumbun na mwenzake, wakalipinga sharti hilo, na mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ikalitupa. Sasa unatoa notisi ya siku 90, ridhaa huombi. Na mwaka 2002, katika shauri la Ndyanabo, Jaji Mkuu Samatta na wenzake wakafuta sharti la kuweka shilingi milioni tano kabla ya kusikilizwa shauri la uchaguzi. Waliona kwamba mlango wenye bei ya namna hiyo umefungwa kwa maskini.

Na kuna mlango ambao haukufunguka. Wajane wawili kutoka Shinyanga, waliotolewa kwenye nyumba zao baada ya waume kufariki, walizipinga zile kanuni za urithi za 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni zinabagua, ikakataa kuzifuta kwa hoja kwamba mila hazibadilishwi kwa amri ya mahakama. Rufani yao ikaondolewa kwa kasoro ya hati. Walisikilizwa kikamilifu huko nje, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa wanawake, mwaka 2015. Ninalisema hili nikiwa na uchungu, kwa sababu Katiba yetu, ibara ya 107A, inaziagiza mahakama "kutenda haki bila ya kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka." Maneno hayo ni ya Kiswahili fasaha, kila karani anaweza kuyasoma.

Lipo la watoto wetu wa kike pia. Tarehe 8 Julai 2016, kwa ombi la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe. Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama kutoa muda wa namna hiyo badala ya kukifuta kifungu papo hapo. Serikali ikakata rufani, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa. Mwaka ule mmoja ulipita na sheria haijarekebishwa. Ndiyo maana mzazi wa kijijini anaweza kukufungulia kitabu na kukuonyesha kifungu. Mkikutana naye, kuna njia ya mkato: kama binti ni mwanafunzi, Sheria ya Elimu tangu mwaka 2016 inampa anayemwoa kifungo cha miaka 30. Hiyo haina mjadala wa kitabu.

Nirudi kwenye swali langu la kufika chini. Kwa miaka yote hiyo Mahakama ya Mwanzo iliendesha mashauri kwa Kiswahili, na kule juu hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Holaria alishinda kwa lugha ambayo mimi hakimu nilihitaji kamusi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zote. Jaji Zepharine Galeba wa Musoma aliandika hukumu yake kwa Kiswahili hata kabla ya sheria hiyo kupita, na siku ya Sheria, tarehe 1 Februari 2021, Rais Magufuli akamteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Na leo hukumu zinawekwa mtandaoni, TanzLII, bure. Kijana mwenye simu kule Pawaga anaweza kuisoma hukumu ya wiki iliyopita kabla hakimu wake hajaiona. Mwaka 1991 ningetoa baiskeli yangu kwa ajili ya kitu hicho.

Lakini simu haisomi yenyewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua nyie, wasaidizi wa kisheria, na nadhani haikuwatambua ili mjaze fomu tu. Hukumu ikishatoka Dodoma au Dar es Salaam, anayeibeba hadi kwenye kitongoji ni mtu mwenye viatu vya vumbi. Mkiwa na mama wa ardhi, mwelekezeni aseme mbele ya hakimu au Baraza la Ardhi na Nyumba: naomba mahakama iangalie Holaria Pastory, na naomba iangalie kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kinachobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Maneno mawili matatu, yakiandikwa kwenye mwenendo wa shauri, hakimu hawezi kuyaruka. Angeniambia mtu mmoja tu siku ile, hata mpita njia, ningeahirisha shauri nikaulize wilayani. Na msisahau, baraza la kata tangu 2021 kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha ndani ya siku 30. Halitoi hukumu. Anayekuja na karatasi ya "hukumu ya kata" ya juzi, ichunguzeni.

Na nakala. Shauri likiisha ombeni nakala ya hukumu siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na mhifadhi barua iliyopokelewa kwa muhuri. Siku 30 za rufani kutoka mahakama ya mwanzo ni chache kuliko zinavyosikika, hasa mvua zikiwa zimekata barabara.

Hapo niliishia, nikakaa. Mama mmoja wa Kilolo akanyoosha mkono kabla sijanywa maji. Akauliza: yeye na dada zake wamenyimwa kichaka cha mianzi na kaka yao, mahakama ya mwanzo imesoma hukumu siku 26 zilizopita, je, wamechelewa?

Nikamwambia bado siku nne, mama. Karani wa Mahakama ya Wilaya alikuwa amekaa safu ya pili. Tukatoka naye nje, wote watatu.